Ugonjwa wa Mawazo katika Mji wa Shaba

Katika mitaa ya Kenya, Katuba na Ruashi, mtu mzima akiulizwa anaumwa nini, mara nyingi hujibu kwa neno moja tu: mawazo. Hataji kichwa, wala moyo, wala tumbo, ingawa pengine vyote vitatu vinamsumbua. Nasi tunaomsikiliza humpa pole, kisha tunaendelea na safari yetu, maana tumezoea kuyaona mawazo kuwa jambo la mtu binafsi, udhaifu wa moyo wake au upungufu wa uvumilivu. Katika tafakari hii, vijana wenzetu, tunataka kulichukua neno hilo kwa uzito unaolistahili. Mawazo ya wazee wa mji huu yana historia. Yana miaka inayojulikana, na mengi yalianzia ofisini na mgodini kabla ya kufika katika mishipa ya damu.

Kiswahili cha vitabuni kina neno msongo. Asili yake ni kusonga, yaani kubana, kukaza, kukandamiza. Mama anayesonga bukari hulijua tendo hilo kwa mikono yake: unga na maji vikishakazana, mwiko hauendi tena kirahisi. Wataalamu wa ng'ambo nao waliliazima neno lao mahali pasipotarajiwa, kwa mafundi wa chuma. Mwaka 1936 Hans Selye, daktari mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, alichapisha barua fupi katika jarida la Nature. Alikuwa amewajaribu panya kwa mateso ya kila namna: baridi, majeraha, kazi ya misuli kupita kiasi, dawa zenye sumu. Mateso yalitofautiana, lakini miili ilijibu kwa namna ile ile. Tezi zilizo juu ya figo zilivimba, tezi ya kifuani inayosaidia kinga ya mwili ilinywea, na tumboni vikatokea vidonda. Selye akaona hatua tatu: kwanza mwili hushtuka, kisha hujikaza na kustahimili, mwishowe huishiwa nguvu. Baadaye aliliita jambo hilo kwa neno ambalo wahandisi hulitumia wanapopima nguvu inayokandamiza madini. Sisi wa mji uliozaliwa kwa ajili ya shaba hatuhitaji mkalimani wa kutufafanulia mfano huo. Chuma kilichobebeshwa kupita kiasi hakilalamiki. Hupinda kidogo, hurudi, hupinda tena, hata siku moja hukatika mahali ambapo jana palionekana pazima.

Mshtuko wenyewe si ugonjwa; tumeumbwa nao kwa faida yetu. Mtu akikutana na nyoka njiani, tezi zile humwaga adrenalini katika damu, moyo hupiga mbio, misuli hupata nguvu, tumbo husimamisha kazi yake. Muda mfupi baadaye homoni nyingine, kotisoli, huongeza sukari katika damu ili nguvu zisipungue. Nyoka akienda zake, mwili hurudi katika utulivu wake. Taabu huanza pale ambapo nyoka haondoki. Mshahara usiolipwa mwezi wa kwanza, wa pili, wa kumi na mbili, ni nyoka aliyelala mlangoni. Mwili unaokaa tayari kukimbia mchana na usiku hujila wenyewe. Shinikizo la damu, ambalo kwetu huitwa tansio, hupanda na kuzoea kukaa juu. Sukari huvurugika, kinga hulegea, usingizi hukatika saa nane za usiku na haurudi. Akili nayo haisalimiki: sehemu za ubongo zinazotunza kumbukumbu na kupima uamuzi huchoka, mtu husahau, hukasirika upesi, huona mlango mmoja tu mahali penye milango mitatu. Ndugu zake husema amebadilika tabia. Kumbe amechoka.

Sasa turudi mjini kwetu. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilianzishwa mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini. Na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa. Wafanyakazi walitafutwa mbali: Luapula, Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, na baadaye Ruanda-Urundi. Kampuni ikapewa jina la utani Changa-Changa, kwa kuwa iliwachanganya watu wa makabila yote. Katika miaka ile ya mwanzo wengi walikufa makambini kwa nimonia, kuhara damu na homa ya matumbo. Chakula kibaya na nyumba za msongamano vinatosha kueleza sehemu kubwa ya vifo hivyo, wala hatutaki kuyabebesha mawazo lawama isiyo yao. Hata hivyo, kijana aliyetolewa kijijini kwa mkataba asioweza kuusoma, akalazwa kati ya wageni asiojua lugha yao, aliingia mgodini na kinga iliyokwisha kupungua.

Tangu mwaka 1928 hivi kampuni ilibadili mwendo. Mmoja wa wenye fikra za siasa hiyo mpya alikuwa daktari, Léopold Mottoulle, na jambo hilo si la bahati: ni daktari aliyeona kwamba mfanyakazi mwenye mke, watoto na nyumba haugui wala hatoroki kama mseja aliyekodiwa kwa miezi sita. Ikaja mikataba ya miaka mitatu. Kukawa na nyumba, mposho wa kila juma kwa baba, mama na watoto, hospitali, na shule zilizoendeshwa pamoja na mapadre Wabenediktini. Vifo vikapungua sana. Wazee wetu wanaoikumbuka kambi kwa hamu hawasemi uongo. Watoto walishiba, walipimwa uzito, walivaa. Lakini kila kitu kilikuwa na mwenye kukipanga, na mwenye kukipanga hakuwa baba wa nyumba. Kampuni ilikuwa baba na mama, kama msemo wa makambini ulivyosema. Baba akiitwa mtoto kwa miaka sitini, siku baba yule mkubwa akiondoka, ni nani aliyefundishwa kusimama?

Tena baba huyo mkubwa alijua kumfukuza mtoto. Bei ya shaba ilipoanguka baada ya mwaka 1929, zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliachishwa katika muda mfupi, wakarudishwa makwao. Wakati wa vita vikuu vya pili kazi iliongezwa kwa ajili ya mahitaji ya Washirika, bei za vitu zikapanda, mshahara ukabaki nyuma. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi waligoma. Tarehe 9 walikuwa wamekusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, na askari wakawafyatulia risasi. Makumi ya watu walikufa, mmojawapo Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wao. Katika familia nyingi za mji huu tukio hilo lilisimuliwa kwa sauti ya chini. Watoto walijifunza jambo moja kutokana na sauti hiyo: kwamba kuuliza juu ya mshahara kunaweza kumwua mtu. Woga wa namna hiyo hauandikwi katika cheti cha daktari, ila huishi.

Hapa tupenyeze kisa cha mbali, kwa sababu kinatusaidia kuelewa kinachofuata. Mwaka 1967, mwaka ule ule ambao serikali yetu ilitaifisha Union Minière, watafiti wa Uingereza walianza kuwafuatilia maelfu ya watumishi wa serikali mjini London, kundi lililojulikana kwa jina la mtaa wa ofisi zao, Whitehall. Wengi walidhani wakubwa, wenye majukumu mazito na simu zisizonyamaza, ndio wangekufa kwa magonjwa ya moyo. Ikaonekana kinyume: tarishi na wa ngazi za chini ndio waliokufa zaidi. Sigara na lishe vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Michael Marmot na wenzake, katika miaka iliyofuata, walizidi kuona uzito wa jambo jingine, yaani mtu ana uwezo gani wa kuamua juu ya kazi yake na maisha yake. Mzigo unaoweza kuutua unapochoka ni mzito. Mzigo ambao mwingine ndiye huamua utautua lini, huo huvunja mgongo.

Gécamines, mrithi wa Union Minière, iliajiri watu zaidi ya 30,000 katika miaka ya 1980, na mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Fedha zilizopaswa kutengeneza mitambo zilikwenda kwingine. Mwezi Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, huko Kolwezi, iliporomoka. Oktoba 1991 askari na raia waliupora mji wa Lubumbashi. Mwaka 1994 shaba ilikuwa haifiki tani 50,000, na mfumuko wa bei katika nchi ulikaribia asilimia 10,000 kwa mwaka. Mposho ukapungua, ukachelewa, ukakoma. Mshahara ukafuata njia hiyo hiyo.

Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliandika kitabu kuhusu familia za wafanyakazi kuanzia 1910 hadi 1997, na katika kichwa chake aliwaita Bana Shaba walioachwa na baba yao. Tunashauri kila kikundi cha vijana kilichopo karibu na maktaba ya chuo kikitafute. Ndani ya nyumba, kuachwa huko kulikuwa na sura yake. Mama ndiye aliyetoka alfajiri kuuza makala, unga au mboga, akarudi jioni na chakula. Baba aliendelea kuamka saa ile ile, akavaa, akaenda kazini kusikokuwa na kazi, kwa sababu jina lake lilikuwa bado kwenye orodha na mshahara ungeweza kuja. Tukumbuke kuwa hatua ya pili ya Selye, kustahimili, kwa nje hufanana kabisa na afya. Watu walimwona mzee yule akipita na suruali yake iliyopigwa pasi wakasema ni hodari. Usiku alikaa kitini gizani. Neno moja la mtoto juu ya karo lilitosha kumwasha hasira, na mtoto hakuelewa kwamba hakuwa yeye aliyekosa. Na mama? Juu yake ulikuja mzigo wa pili, kulisha nyumba na wakati huo huo kuilinda heshima ya mume asiyelisha, hata akampa fedha kwa siri ili aonekane yeye ndiye anayezigawa mbele ya watoto. Huo nao ni msongo, tena usiopewa pole na mtu.

Msongo wa jamii nzima haukai ndani ya nyumba. Hutafuta mtu wa kubeba lawama. Mwezi Agosti 1992 vurugu zilianza Lubumbashi dhidi ya watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wajukuu wa wale walioletwa na Changa-Changa. Zikaenea Likasi, na mwezi Machi 1993 zikafika Kolwezi. Waliitwa bilulu, wadudu. Jirani aliyekuwa amebatiza mtoto wa jirani yake alichukua nyumba yake. Mamia ya maelfu walifukuzwa. Katika stesheni ya Likasi na ya Kolwezi familia zililala kwa majuma na miezi zikisubiri treni, na wengi, hasa watoto, walifia hapo. Hatusemi kwamba njaa na hofu zinaondoa hatia ya waliochochea, maana walikuwa watu wenye mishahara na magari, waliojua vema walichokuwa wakifanya. Tunasema kwamba walipata watu waliokwisha kukazwa kwa miaka, wasioona tena zaidi ya mlango mmoja, na mlango huo wakaonyeshwa na wanasiasa. Katika mji wetu jambo hili bado linazungumzwa kwa kuchunga ulimi. Wapo katika vikundi vyetu wenye babu aliyefukuzwa, na wapo wenye babu aliyefukuza, na huimba kwaya moja.

Kisha likaja tukio la mwaka 2003. Kwa fedha za Benki ya Dunia, Gécamines iliwapa wafanyakazi wenye utumishi wa miaka 25 na zaidi nafasi ya kuondoka kwa malipo ya mkupuo. Mpango huo uliitwa Opération Départs Volontaires, yaani kuondoka kwa hiari, na watu 10,655 waliondoka. Juu ya neno hiari tungeweza kuandika tafakari nyingine nzima. Mtu anayedai mshahara wa zaidi ya miaka miwili, mwenye watoto waliofukuzwa shule, akiwekewa fedha mezani, hiari yake ni ipi? Benjamin Rubbers, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Liège aliyezungumza na familia nyingi za walioondoka, ameeleza jinsi walivyoona kwamba kiasi walicholipwa kilikuwa chini ya haki yao kisheria, na jinsi walivyoendelea kuidai kwa miaka. Fedha zililipa madeni, karo, bati za nyumba, biashara ndogo iliyokufa. Pamoja na kazi ziliondoka pia hospitali ya kampuni, shule ya kampuni na jina la mtu mbele ya watu. Ndipo miili mingi ilipoingia katika hatua ya tatu. Mtaani watu walihesabu: fulani amekufa, na fulani, mwaka mmoja baada ya kuondoka. Hatuna takwimu za kuweka hapa, na kifo kimoja kimoja kina sababu zake. Ila daktari yeyote anayejua kazi ya kotisoli katika mwili wa mtu wa miaka hamsini na tano mwenye tansio asiyeweza tena kununua dawa hatashangaa.

Watoto walibeba sehemu yao. Katika miaka hiyo ya dhiki ndipo mashtaka ya uchawi dhidi ya watoto yalipoongezeka mijini, Kinshasa, Mbuji-Mayi na hapa kwetu. Mara nyingi mshtakiwa alikuwa yatima au mtoto wa kambo, yaani yule ambaye sahani yake ilikuwa ya mwisho. Baba amepoteza kazi, mama anaumwa, biashara haiendi. Mtu asiye na njia ya kumfikia aliyefunga mgodi humfikia mtoto wa miaka tisa. Wasalesiani wa Bakanja wamewapokea watoto wa mitaani kwa miaka mingi, na kazi hiyo huonyesha mahali ambapo mzigo wa mji mzima uliishia: juu ya mabega madogo kuliko yote.

Lubumbashi kuna pia kituo cha magonjwa ya akili kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo, nacho kina jina la Daktari Joseph Guislain. Wachache wetu hujiuliza huyo alikuwa nani. Shirika la mabruda hao liliundwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807 na Kanoni Pierre-Joseph Triest, na mwaka 1815 walianza kuwahudumia wanaume wenye ugonjwa wa akili waliokuwa wamefungwa minyororo katika ngome ya kale ya mji. Guislain, aliyezaliwa mwaka 1797 na kufa mwaka 1860, alikuja kuwa daktari wao. Wakati wengi walidhani wazimu ni pepo au ubongo ulioharibika tu, yeye alifundisha kwamba mara nyingi huanza na maumivu ya moyo: huzuni, aibu, hofu, kupoteza mali au mpendwa. Maumivu kwanza, uharibifu baadaye. Karibu miaka mia moja kabla ya panya wa Selye, Mbelgiji huyo alikuwa akisema jambo lile lile ambalo mama wa Katuba hulisema kwa neno moja. Ni aibu yetu kwamba familia nyingi hupeleka mgonjwa katika kituo hicho mwishoni kabisa, baada ya kumpitisha katika vyumba vya maombi alikofungiwa na kunyimwa chakula.

Leo shaba imerudi, na kobalti imepanda juu yake. Magari makubwa hupita usiku na mchana kuelekea Kasumbalesa. Ila kijana mwenye diploma hupata mkataba wa miezi mitatu kwa kampuni ya kukodisha wafanyakazi, ukaongezwa au usiongezwe, na anajulishwa siku ya mwisho. Nyumba haipo, mposho haupo, na uamuzi bado uko mahali pengine. Wenzetu wa miaka ishirini na mitano wameanza kupimwa tansio. Wakiulizwa, nao hujibu: mawazo.

Mwaka jana kikundi chetu kilimtembelea mzee mmoja, mgonjwa wa siku nyingi, mfanyakazi wa zamani. Tulimwuliza anaumwa nini, akatoa jibu tulilolitazamia. Mmoja wetu, badala ya kusema pole, akamwuliza, "Tangu lini, baba?" Mzee alinyamaza kidogo, akamtazama kama mtu aliyeulizwa hilo kwa mara ya kwanza. Kisha akajibu bila kusita: "Tangu siku mposho ilikatika." Akataja mwezi, akataja na siku ya juma, akaanza kusimulia. Tulitoka pale saa mbili za usiku.